Azimio la Kazi la Kwenda Singapore

Mwalimu Gaudensia aliichoka safari ya Singapore kabla hata hajapata pasipoti. Tuliseme hilo mapema, maana pale Endagikot, Mbulu, watu walikwisha kumwonea wivu, na wivu hauoni macho mekundu ya mtu asiyelala. Kanisani walimwita mama wa ng'ambo. Dukani walimuuliza kama atawaletea simu. Alicheka nao, akanunua sabuni ya kufulia mashuka, akarudi nyumbani kufua.

Mashuka yalikuwa hayaishi. Mume wake, Akonaay, alipigwa na kiharusi miaka mitano nyuma, upande wote wa kulia ukafa na maneno yakamwishia mdomoni, yakabaki machache ya kuokoteza. Tangu siku hiyo Gaudensia ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili kama alivyoagizwa na nesi. Saa mbili hazijui mchana wala usiku. Mwanamke wa miaka sitini na moja alikuwa akiamka kama mwenye mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe ana kilo themanini.

Wazo la safari lilikuwa la binti yao Mary, anayefanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu huko Singapore. Alipokuja Krismasi alimkuta mama yake jikoni amesinzia akiwa amesimama, mwiko mkononi, ugali unaungua. Akauepua ugali. Aliporudi kazini kwake akapiga simu.

"Mama, mwezi wa sita unakuja kwangu wiki mbili. Tiketi nimeshakata. Na usiniambie habari za baba, tafuta mtu."

Tafuta mtu! Watoto wa siku hizi wanasema tafuta mtu kama wanavyosema tafuta mtandao.

Sasa, Gaudensia alifundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka thelathini na minne, na kwake jambo lisiloandikiwa azimio la kazi ni jambo ambalo halitafanyika. Akanunua daftari kubwa, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza SINGAPORE kwa herufi kubwa. Mada, mada ndogo, muda, zana, maoni. Kila jioni Mary alituma picha na sauti, naye akasikiliza mara mbili na kujaza.

Siku ya kwanza, kupumzika. Siku ya pili, bustani yenye miti ya chuma mirefu kuliko mnara wa kanisa, inayowashwa taa za rangi. Siku ya tatu, mtaa ambao unatoka kwenye hekalu la Wahindi, unapita msikiti, unafika hekalu la Wachina, na hujavuja jasho la kutosha. Siku ya nne, treni ya chini ya ardhi ambayo haina dereva. Hapo Gaudensia aliacha kuandika kidogo, kisha kwenye safu ya maoni akaweka: Kuuliza nani anawajibika.

"Na chakula, Mama, kuna sehemu moja kubwa ina vibanda kama mia," Mary alisema kwenye simu, sauti imefunguliwa ili baba yake naye asikie. "Kibanda hiki Wamalay, kile Wachina, kile Wahindi. Mnachukua mnachotaka mnakaa meza moja."

"Na hawagombani?"

"Wana sheria, Mama. Hapa hata kutema mate barabarani ni kosa. Bablishi za kutafuna haziuzwi. Ugoro ndio usiulete kabisa, utakamatwa uwanja wa ndege."

Kitandani Akonaay akakoroma kwa namna yake ya kucheka. Alikuwa mtu wa ugoro tangu ujana, na mpaka leo Gaudensia humtilia kidogo kila Jumapili baada ya ibada.

"Huyu ndiye angefungwa maisha," Gaudensia alisema.

Mary akamwambia pia alete nguo nyepesi, kule ni joto mwaka mzima. Nguo nyepesi! Mtu wa Mbulu, mwezi wa sita, ukungu unaingia mpaka jikoni, kabati lina masweta matupu.

Ukurasa wa Singapore ukajaa ukaisha. Kurasa nyingine sitini na tatu ziliandikwa habari za Akonaay.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa kumgeuza. Wa tatu, uji wa ulezi, vipimo na moto wake. Wa nne, kulisha: mito miwili mgongoni, kijiko kidogo, asishike kijiko mwenyewe maana atapaliwa. Wa tisa, jua: dakika ishirini, dirishani, si nje. Aliandika namna ya kukunja shuka lisimchubue, wimbo unaomtuliza akianza kulia bila sababu, sikio ambalo linasikia na lile ambalo linajifanya kusikia. Alipofika ukurasa wa arobaini aliweka kalamu chini akalia kidogo, kwa sababu hakuwa amejua kwamba ni mambo yote hayo. Halafu akafuta macho, akapiga mistari ya ukurasa wa arobaini na moja.

Mtu aliyepatikana alikuwa Natalia, dada mkubwa wa Akonaay, mjane, aliyeolewa Gendabi kule Hanang. Aliyemwomba ni Mary. Gaudensia mwenyewe asingeweza. Kumwita dada wa mume aje kukusaidia kumuuguza mume ni kutangaza mbele ya ukoo kwamba umeshindwa, na Gaudensia angeanguka juu ya jiko kabla ya kusema neno hilo. Natalia naye kwa miaka hiyo mitano alikuja mara chache, akakaa siku moja, akaondoka. Nyumba ya mwalimu ina taratibu zake, na mgeni huziona hata asipoambiwa.

Safari hii alikuja na kibegi, chupa ya samli, na kitabu chake cha nyimbo kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kitabu hicho hakuachana nacho. Kanisani alikifungua mbele yake na kuimba kuliko wanakwaya.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, wifi. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Yupo. Kila kitu kimeandikwa humu," Gaudensia alisema, akampa daftari kwa mikono miwili. "Ukikwama popote, unafungua tu."

Natalia alilitazama jalada muda mrefu. "Mwandiko wako ni mzuri," alisema, akaliweka juu ya kitabu cha nyimbo.

Akonaay akatoa sauti kitandani, a-a, a-a, akanyoosha mkono wake mzima kuelekea daftari. Gaudensia akadhani ana kiu. Akampa maji.

Ilibidi aende Babati kwa ajili ya pasipoti, akaamua siku hizo ziwe kipimo kabla ya mtihani, kama alivyokuwa akifanya na darasa la nne. Siku tatu, Natalia peke yake na mgonjwa. Akishindwa, tutajua mapema.

Babati walimchukua alama za vidole. Kijana wa dirishani akamuuliza madhumuni ya safari.

"Likizo," Gaudensia alijibu, na akajisikia kama mtu anayedanganya.

Alikusudia kwenda sokoni kutafuta gauni jepesi na viatu vya wazi. Akapitia gesti kuweka mkoba, akakaa kitandani avue viatu, ilikuwa saa nane mchana. Alizinduka asubuhi ya siku ya pili, viatu miguuni, mhudumu anagonga mlango kwa nguvu akidhani mgeni amefia ndani. Siku hiyo nayo akalala. Gauni halikununuliwa.

Siku ya tatu alasiri alishuka kwenye gari pale Endagikot, na kabla hajafika uani akasikia kicheko. Alikijua. Kilikuwa cha mume wake, kile cha zamani, cha tumboni, na alikuwa hajakisikia kwa miaka mitano.

Akonaay alikuwa nje. Amekalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe, ameegemea ukuta, jua lote la Mbulu usoni. Kijiko, tena kile kikubwa cha kupakulia, kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, na uji umemwagika kifuani, kidevuni, hata kwenye nyusi. Katekista Onesphory, jirani yao, amekaa karibu akimsimulia jambo. Natalia ameketi chini anamkanda ule mguu uliokufa kwa samli.

Mwingine angefurahi. Gaudensia naye angependa kufurahi, lakini kilichofika kwanza ni hasira, na hasira ya mtu aliyechoka haichagui pa kutua. Miaka mitano ya mito miwili na kijiko kidogo! Miaka mitano ya dakika ishirini dirishani, na mtu mwenyewe amekaa kwenye vumbi anacheka. Akaingia ndani bila kusalimia. Daftari lilikuwa palepale juu ya kitabu cha nyimbo, jalada bado gumu, halijavunjwa hata mkunjo. Akatoka nalo.

"Wifi, ukurasa wa nne unasemaje?"

Natalia akaendelea kukanda mguu wa ndugu yake.

"Nimeandika wiki sita. Nakuuliza ukurasa wa nne unasemaje. Haya, shika. Soma hapo, tusikie wote."

Ilikuwa ile sauti ya darasani. Nusu ya watu wa kata hiyo wanaijua. Katekista Onesphory, mtu mzima mwenye wajukuu, alijikuta amesimama wima.

Natalia akafuta mikono kwenye kanga yake taratibu, kidole kimoja kimoja. Akalipokea daftari, akalifungua katikati, akalitazama.

"Sijui, mwalimu," alisema.

Hakusema wifi. Alisema mwalimu.

"Hujui nini?"

"Kusoma. Hata huo ukurasa wa nne siujui ni upi."

"Lakini kitabu cha nyimbo..."

"Nyimbo ziko kichwani. Kitabu ninakishika kwa sababu watu wote wameshika."

Akonaay akaangusha kijiko. Mdomo wake ukahangaika, ukatafuta, ukapata. "Mbuzi," alisema. Machozi yakachanganyika na uji. "Mbuzi. Dada. Mbuzi."

"Nyamaza, ndugu yangu, yameshapita hayo," Natalia alimwambia, akamfuta uso kwa ncha ya kanga. Halafu, bila kumtazama Gaudensia, akasema, "Baba alikuwa na watoto wawili na mbuzi. Mmoja alitakiwa aende shule, mwingine abaki na mbuzi. Ndicho anachosema."

Juu ya ubao wa darasa lake, kwa miaka thelathini na minne, Gaudensia alikuwa ameandika: Asiyeuliza hana ajifunzalo. Alizipaka rangi herufi hizo kila mwezi wa kwanza. Miaka fulani alifundisha hata kisomo cha watu wazima, akapita nyumba kwa nyumba akiwauliza kina mama wa watu kama wanajua kusoma. Nyumbani kwake hakuuliza. Sasa alisimama uani na mkoba begani, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Asubuhi Natalia akafunga kibegi kabla ya chai. Hakugomba. Alisema ameacha ndama mgonjwa Gendabi. Ndama hakuwepo, na wote walijua.

Jioni Mary akapiga.

"Pasipoti, Mama?"

"Wameniambia wiki tatu."

"Vizuri. Na shangazi?"

"Ameondoka. Nilimwambia asome daftari mbele ya watu."



"Mama, shangazi hajui kusoma."

"Wewe ulijua?"

"Kila mtu anajua. Mimi niko darasa la pili nilikuwa namsomea ujumbe wa simu akija."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Wewe ulikuwa mwalimu, Mama," Mary alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

Basi ikawa hakuna mtu, na bila mtu hakuna Singapore. Gaudensia akarudia saa zake mbilimbili. Alimkalisha Akonaay nje sasa, alimwachia kijiko kikubwa, lakini Akonaay hakucheka tena. Alitazama njia ya lango. Siku zikapungua. Mara mbili Gaudensia alishika simu amwambie Mary aiahirishe tiketi, na mara mbili akaiweka chini. Akaona afadhali aanze na lile lililo gumu zaidi.

Pasipoti ilipotoka, siku tisa kabla ya safari, aliwaomba Onesphory na mke wake walale na mgonjwa usiku mmoja tu, akapanda gari la asubuhi la kwenda Hanang. Mkono mtupu haulambwi: alibeba sukari, kitenge, na vitunguu swaumu vya shambani kwake. Daftari aliliacha juu ya kabati. Katesh alishuka kutafuta pikipiki. Pale Jorodom yale mawe makubwa ya mlimani bado yamekaa katikati ya nyumba, palepale tope la maporomoko ya Mlima Hanang lilipoyaacha, na watu wameanika nguo juu yake. Dereva akayazunguka bila kuyatazama.

Natalia alikuwa uani Gendabi, anapukuchua maharage.

"Shikamoo, wifi."

Natalia akamaliza maharage yaliyokuwa mkononi. "Marahaba. Keti."

Gaudensia akaketi kwenye kigoda, mizigo magotini. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilikuaibisha mbele ya ndugu yako, na mbele ya mtu baki. Nilikosa."

"Ulinisemesha kama mtoto."

"Ndiyo."

"Ingekuwa zamani ningelia. Sasa nimezeeka, nililia kidogo tu kwenye gari." Akapukuchua tena. "Lile daftari umelileta?"

"Nimeliacha."

"Vizuri. Niambie kwa mdomo. Yale ya lazima."

Gaudensia akavuta pumzi. "Akila akae wima. Asilale upande mmoja muda mrefu. Akianza kulia, asiachwe peke yake." Akatafuta la nne. Alikuwa ameandika kurasa sitini na tatu, kwa rula, na la nne halikuja.

"Basi?"

"Basi."

"Hayo ninayajua. Yule nimembeba mgongoni."

Kuku wakapita kati yao wakidonoa. Gaudensia akauliza lile alilokuja nalo tangu Mbulu. "Miaka mitano, wifi. Mbona hukuja?"

"Mbona hukuniita?"

Natalia akavuta maganda mengine ya maharage.

"Haya, huko unakokwenda kuna nini?" Natalia aliuliza.

Gaudensia akaanza na miti ya chuma. Akaja kwenye mtaa wa mahekalu na msikiti, akaja kwenye vibanda mia na watu wa kila kabila meza moja, akaja kwenye treni.

"Haina dereva, na wewe unapanda?"

"Mary anasema ni salama."

"Na wewe unataka kuviona?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata yeye mwenyewe. "Sitaki kuviona," alisema. "Vitakuwa vizuri, lakini sitaki. Ninachotaka ni siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza kuna nini?"

"Siku ya kwanza nimeandika kupumzika."

"Yaani uvuke bahari yote hiyo kwenda kulala?"

"Ndiyo," Gaudensia alisema, akataka kucheka, kikatoka kilio. Alilia mbele ya wifi yake kwa sauti, mdomo wazi, sukari imemwangukia miguuni, na hakujali.

Natalia hakumbembeleza. Aliinuka, akaingia ndani, akasikika anakung'uta godoro. "Njoo ujinyooshe," aliita. "Chakula kikiiva nitakuamsha."

Gaudensia alijilaza na kilemba chake kichwani. Alisikia maharage yakimiminwa kwenye sufuria. Hakusikia kitu kingine.

Alipofumbua macho palikuwa na mwanga mlangoni, na Brightness, mkamwana wa Natalia, amesimama na kikombe cha uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chakula kimeiva? Ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne na jua lote hili?"

"Saa nne asubuhi, mama. Umelala tangu jana."

Gaudensia akaruka, kilemba kikamwanguka. Onesphory aliombwa usiku mmoja tu! Akonaay atakuwa amelala upande mmoja, atakuwa peke yake, analia. "Viatu vyangu! Wifi yuko wapi? Mbona hakuniamsha?"

"Ameondoka alfajiri na pikipiki, awahi gari la Mbulu. Amekwenda kwa mjomba, kumuuguza. Amebeba nguo zake zote." Brightness akampa kikombe. "Alituambia usiamshwe."

Gaudensia akakishika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto. "Hakusema lingine?"

Brightness akafikiri. "Alisema ile siku yako ya kwanza uianzie hapa."

Gaudensia akanywa uji nusu, akaweka kikombe chini, akajilaza tena, akageukia ukutani.